Nani Atamfundisha Rubani Wetu? Ndege za Jeti za Mafunzo, Soko la Maonyesho na Pwani ya Kaskazini



Mada niliyopewa ni biashara ya ndege za jeti za mafunzo ya kijeshi, zile zinazoonyeshwa kwenye maonyesho ya ndege ya Farnborough, Le Bourget, Dubai na Zhuhai. Mtu anaweza kuuliza mji wetu wa Tanga, mji wa mkonge na bandari, una hisa gani katika habari hizo. Hisa yake ni kubwa. Mji huu unajua vizuri jinsi mtambo wa kigeni unavyoweza kufika ukiwa mzima, ukazinduliwa kwa shangwe, kisha ukazimika kwa kukosa kitu ambacho muuzaji hakukiweka kwenye kipeperushi chake. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilijengwa na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi, kikaanza kazi mwaka 1972. Mitambo ilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, na mashamba yenye njaa ya mbolea yalikuwa nchi nzima. Lakini malighafi ililetwa kwa meli kutoka ng'ambo na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizo zilipoadimika kiwanda kikaanza kuhema, na mwaka 1991 kikafungwa.

Ndege ya mafunzo ni mtambo wa jinsi hiyo hiyo, isipokuwa anayeketi ndani yake ni kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeaminiwa na nchi yake. Kwa hiyo hoja yangu leo ni hii: katika ukanda wetu, hatima ya ndege hizi haijaamuliwa na kasi yake, wala urefu wa mabawa, wala bei ya siku ya mkataba. Imeamuliwa na vile ambavyo muuzaji anaweza kuvirudisha kwake hata baada ya kulipwa, yaani mkufunzi, kipuri na kibali. Anayetaka kujua ni ndege gani itauzika Afrika Mashariki, na anayetaka kuinunua bila kujuta, wote wawili waangalie hapo.

Tuanze nyumbani. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 nchi ililazimika kujenga jeshi jipya. Ujerumani Magharibi ikakubali kulea kikosi cha anga, na ndege za kufundishia zilikuwa Piaggio P.149D, ndege ndogo ya pangaboi moja iliyobuniwa Italia na kutengenezwa kwa leseni Ujerumani. Hapo hapo kukawa na suala la Zanzibar. Serikali ya Mapinduzi ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na ubalozi wa Wajerumani hao ulikuwa Unguja. Serikali ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa Bonn, ilikuwa na msimamo kwamba anayeitambua Ujerumani Mashariki asitarajie urafiki wake. Muungano ulipokuja, Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya katikati: Ujerumani Mashariki iwe na konseli kuu Dar es Salaam bila kutambuliwa rasmi kama dola. Bonn haikuridhika. Februari 1965 iliondoa msaada wake wa kijeshi, wakufunzi wa anga wakafungasha, na Mwalimu akajibu kwa kuikataa misaada mingine ya serikali hiyo.

Naomba tukumbuke kwamba ugomvi huo haukuhusu ndege hata kidogo. Hakuna aliyelalamikia injini ya Piaggio. Mwanafunzi aliyekuwa ameanza kujifunza kutua alimpoteza mwalimu wake kwa sababu ya mlango wa ubalozi.

Kanada ikaingia, ikaleta Otter na Caribou, ikafundisha marubani na mafundi hadi mwaka 1970. Kisha China ikashika usukani. Vijana wetu wakaenda kusomea huko, kambi ya Ngerengere ikajengwa, na MiG-17 za Kichina zikawasili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo katika muda usiofika miaka kumi, kikosi kimoja kilipita mikononi mwa walimu wa mataifa matatu. Ala za Caribou husoma kimo kwa futi, na za MiG husoma kwa mita. Kwa aliye ardhini hiyo ni hesabu ya darasa la saba. Kwa aliye mawinguni usiku, akitafuta njia ya kurukia, mazoea yaliyojengwa kwa kipimo kimoja na kubomolewa kwa kingine yana hatari yake, na nawaheshimu sana wazee wetu waliovuka mabadiliko yale na bado wakazirusha ndege za Tanzania wakati wa Vita vya Kagera.

Uganda iliyaonja hayo kwa ghafla zaidi. Israel iliipatia ndege za jeti za mafunzo aina ya Fouga Magister, zile zenye mkia wa umbo la V, na wakufunzi wa Kiisraeli ndio waliowalea marubani wake wa mwanzo. Idi Amin aliingia madarakani Januari 1971 akiwa rafiki yao. Mwaka uliofuata akawafukuza. Walioondoka ni watu waliojua kila mlio wa injini zile unamaanisha nini, na elimu ya namna hiyo haiachwi kwenye kabati.

Kenya ndiyo inayonivuta zaidi, kwa kuwa ilifanya manunuzi yake kwa utulivu. Ilinunua Strikemaster za Uingereza, zikafika mwaka 1971. Kisha ikaja Hawk. Ndege hii iliruka mara ya kwanza Agosti 1974 na baadaye ikauzwa duniani kote, karibu 1,000 kwa jumla. Wateja wake wa kwanza wa nje walikuwa Finland, Kenya na Indonesia. Kenya ilichukua ndege 12 za Mk 52, zilizopokelewa kati ya 1980 na 1982. Watu wetu wasiojua hili huzungumza kana kwamba Afrika Mashariki daima husubiri mkiani mwa foleni. Kwa ndege ya mafunzo iliyouzika kuliko nyingi za kizazi chake, jirani yetu alikuwa mbele.

Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali. Jaribio lilizimwa, viongozi wake wawili wakakimbilia Dar es Salaam kwa ndege ya kijeshi ya Buffalo, na jeshi lenyewe likavunjwa. Lililoundwa mahali pake liliitwa '82 Air Force, likawekwa chini ya jeshi la nchi kavu, na jina la zamani halikurudi hadi mwaka 1994. Fikirini maana yake kwa Hawk mpya kabisa zilizokuwa zimeegeshwa. Mafunzo ya urubani ni mnyororo: mwanafunzi wa leo ni mkufunzi wa miaka minane ijayo. Ukikatwa, fedha haziwezi kuununua upya kwa msimu mmoja. Ununuzi mkubwa uliofuata wa ndege za mafunzo ulikuwa wa Tucano 12, muundo wa Brazil uliotengenezwa Belfast na kampuni ya Shorts, zilizoanza kufika mwaka 1990. Hizo ni za pangaboi, zinazoendeshwa na injini ya tabo. Naona busara katika uamuzi huo, na nitarudi kwake.

Sasa tuje kwenye kibali. Msikilizaji anaweza kudhani kwamba akinunua ndege kwa nchi fulani, anashughulika na nchi hiyo peke yake. Mwaka 2009 Bolivia ilitaka L-159 kutoka Jamhuri ya Czech. Wacheki walikuwa tayari kuuza, Bolivia ilikuwa tayari kulipa, lakini ndani ya ndege mlikuwa na vifaa vya Marekani, na Marekani ilikataa. Bolivia ikaenda China, ikanunua K-8 sita.

Zimbabwe ina kisa cha karibu nasi zaidi, kwa kuwa kinagusa Kongo. Ilikuwa na Hawk za Uingereza tangu 1982. Ilipopeleka jeshi Kongo mwaka 1998, vipuri vya Hawk vikageuka suala la kisiasa London. Mwanzoni mwa mwaka 2000 serikali ya Uingereza iliruhusu vipuri vipelekwe, na kabla nusu ya mwaka kwisha ikazuia. Baadaye vikaja vikwazo vya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2005 Harare ilianza kupokea K-8, na hatimaye ikawa nazo 12. Mtu anaweza kuwa upande wowote kuhusu vita vile. Mimi nasema tu kwamba mfanyabiashara wa Beijing hakuhitaji hotuba nzuri kwenye maonyesho. Mlango ulifungwa na mwingine, yeye akasimama kwenye ule ulio wazi.

K-8 inastahili tuikalie kidogo, maana Tanzania nayo inaitumia. Ilibuniwa na China kwa ushirika na Pakistan, ikapewa jina la milima ya Karakorum iliyoko mpakani mwa nchi hizo, ikaruka mara ya kwanza Novemba 1990. Si ndege ya kushangaza. Mabawa yake yamenyooka, mwendo wake ni wa chini ya kasi ya sauti, na anayeiona kwenye maonyesho karibu na ndege mpya za Kikorea au Kiitaliano huenda akaipita. Lakini hesabuni bara hili: Zambia, Namibia, Ghana, Sudan, Zimbabwe, Tanzania, na Misri iliyounganisha 120 katika viwanda vyake yenyewe. Orodha hiyo ingemfurahisha muuzaji yeyote wa Ulaya.

Wengi husema ni bei tu. Bei ipo, na mkopo wa masharti nafuu upo, lakini kuna jambo la kiufundi lisilotajwa sana. Toleo la mwanzo la kuuza nje lilipewa injini ya TFE731, ya Kimarekani, ambayo pia husukuma ndege ndogo za kifahari za kiraia kama Learjet 35. Injini iliyotapakaa hivyo ina mafundi, vitabu vya matengenezo na vipuri katika miji mingi ya dunia. Wabunifu walielewa kwamba mnunuzi wa ndege sita hawezi kufungiwa kiwanda kwa ajili yake. Hata hivyo injini hiyo hiyo iliiweka K-8 chini ya kibali cha Washington, na kwa mahitaji yake yenyewe China ikatumia injini ya Kiukraine, kisha ikatengeneza yake. Tazameni basi: hata aliyetoroka kibali cha Ulaya kwa kununua China angeweza kukutana na kibali cha Marekani ndani ya tumbo la ndege aliyoinunua.

Niseme neno kuhusu maonyesho yenyewe. Farnborough ilianza kama ya watengenezaji wa Uingereza mwaka 1948 na sasa hufanyika miaka ya shufwa. Paris huchukua miaka ya witiri huko Le Bourget. Dubai ni Novemba ya miaka ya witiri, na Afrika Kusini hukaribisha ya kwake. Kinachosainiwa jukwaani mbele ya kamera mara nyingi kimejadiliwa miaka kadhaa nyuma. Rubani wa majaribio anapoipindua ndege juu ya vichwa vya wageni, anaonyesha mambo ambayo mwanafunzi hataruhusiwa kuyafanya. Swali la mnunuzi makini halipati jibu angani. Injini ikifikisha saa za ukarabati mkubwa, inapelekwa wapi? Inarudi baada ya miezi mingapi? Nani hulipia meli?

Tena kuna watu wa kati. Hapa siwezi kukwepa rada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilinunua kutoka BAE Systems, kampuni ile ile iliyorithi Hawk, mfumo wa rada wa kuongozea ndege kwa takriban pauni milioni 28. Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa wa Uingereza wa wakati huo, Clare Short, aliyapinga hadharani mauzo hayo akisema nchi maskini haikuhitaji kitu cha bei hiyo. Baadaye ikabainika kwamba mshauri wa masoko hapa nchini alilipwa kiasi cha dola milioni 12.4, karibu theluthi ya thamani ya mkataba. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani Uingereza kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikaelekezwa kwa Watanzania. Fedha hizo zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Nafurahi kwamba mtoto alipata dawati. Siwezi kufurahi kwamba ilibidi tuibiwe kwanza ndipo apate.

Afrika Kusini ina somo linalofanana. Katika manunuzi yake makubwa ya silaha ya mwaka 1999 ilichagua Hawk 24, ingawa ndege ya mafunzo ya Kiitaliano iliyoshindana nayo ilikuwa ya bei ya chini zaidi. Ili Hawk ishinde, kigezo cha gharama kilitolewa kwenye mizani. Mnunuzi anayeondoa gharama kwenye mizani hanunui tena, anapewa.

Turudi pwani. Ndege za mafunzo siku hizi huuzwa kama ndege za kazi zote: asubuhi inafundisha, mchana inalinda mipaka. Kwa wenye kuishi kati ya Pangani na Horohoro, ulinzi wa mipaka una sura yake. Tuna wavuvi haramu waliopasua matumbawe kwa baruti kwa miaka mingi. Tuna majahazi yanayovusha magendo usiku. Na pale Chongoleani, bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima limekusudiwa kumwaga mzigo wake mlangoni mwa meli. Anayelinda maji haya anahitaji kukaa angani muda mrefu, polepole, akiwa na kamera inayoona vizuri na redio inayozungumza na boti ya doria. Jeti ya mafunzo hubeba mafuta ya saa chache na hupita juu ya mlipuko wa baruti kabla rubani hajageuza shingo. Hewa ya chumvi nayo hula chuma na waya bila kujali bendera iliyochorwa mkiani. Ndege ya pangaboi yenye kamera, au ndege isiyo na rubani, ingewafaa wavuvi waaminifu wa Mkinga zaidi. Ndiyo maana nauheshimu uamuzi wa Tucano. Hata Ufaransa, yenye viwanda vyake vya jeti, imehamishia sehemu kubwa ya mafunzo yake kutoka Alpha Jet kwenda PC-21 ya Uswisi, ambayo ni ya pangaboi.

Simaanishi kwamba jeti ya mafunzo haina kazi. Nchi yenye ndege za kivita za mwendo mkali haiwezi kumtoa kijana kwenye pangaboi na kumtupa humo moja kwa moja. Soko la ndege za mafunzo hufuata ndege za kivita. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, iliagiza Hawk 8 mwaka 2012 katika mkataba mmoja na Typhoon 12, kwa sababu mwalimu na kazi anayoifundisha hutoka mlango mmoja. Sisi tuliorusha J-7 za Kichina tulikuwa wateja wa K-8 kabla muuzaji hajabisha hodi. Kwa hiyo wanaokuja na M-346 ya Italia, T-50 ya Korea Kusini au Hürjet ya Uturuki wakitumaini kuuza huku, wajue kwamba bila kubadilika kwa ndege za kivita zenyewe watarudi na vipeperushi vyao.

Lipo badiliko moja linalonipa matumaini. Wauzaji wameanza kuuza mafunzo badala ya ndege. Huko Sardinia, katika kambi ya Decimomannu, Jeshi la Anga la Italia na kampuni ya Leonardo wanaendesha shule ya kimataifa ya M-346, na mataifa mengine hupeleka wanafunzi wao na kulipia nafasi. Nchi yenye wanafunzi wanne kwa mwaka haina sababu ya kumiliki karakana ya ndege 12.

Lakini mwanafunzi anayepelekwa ng'ambo anabaki chini ya kibali cha ng'ambo, na mwaka 1965 tumeshauona. Mimi napendelea jibu lililowahi kuwapo kwetu. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha Soroti, mashariki mwa Uganda, shule ya marubani wa kiraia iliyofundisha vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 shule ilibaki Uganda, na chuo hicho kipo hadi leo. Najua majeshi hayapendi kuonyeshana daftari, na majirani hawa wamewahi kupigana. Hata hivyo hatua za mwanzo za urubani hazina siri: kuruka, kutua, kufuata ala, kupotea na kujipata. Wanafunzi wa nchi nne au tano wakikusanywa, idadi inatosha kudai kwa muuzaji yeyote kwamba ukarabati mkubwa wa injini ufanyike ndani ya ukanda, kwamba wakufunzi wa kwetu wachukue darasa kabla mkataba haujafika nusu, na kwamba malipo ya kila wakala yasomwe hadharani bungeni kabla ya senti ya kwanza kutoka. Nchi moja yenye oda ya ndege sita ikidai hayo, itaambiwa isubiri maonyesho yajayo.

Pa kuanzia ni wakufunzi, wala si ndege. Jumuiya ikubaliane kwanza juu ya mtaala mmoja, kipimo kimoja cha kimo na leseni moja ya mkufunzi wa kijeshi wa hatua ya awali, kisha iwalipe watu hao mshahara utakaowazuia kukimbilia mashirika ya ndege. Hayo yanaweza kufanyika kwa ndege za pangaboi tulizonazo tayari, bila kungoja zabuni ya mtu.